Mama Mtunzi Juu ya Jiwe la Daumier

Mkaazi wa kata ya Katindiuka, Tanzania, aliyewahi kutia maji katika chungu kilichopikiwa kambale, akayaona yakiyakimbia mafuta, amekwisha kuijua nusu ya elimu ya kuchapa kwa jiwe aliyoivumbua Alois Senefelder huko Ujerumani mwishoni mwa karne ya 18, na ambayo mchoraji Honoré Daumier aliitumia mwaka 1844, katika gazeti la Le Charivari la Paris, kuwafanyia tashtiti wanawake waliothubutu kuandika vitabu, kwa mfululizo wa chapa 40 uitwao Les Bas-bleus.

Mchoraji huchora kinyume, kwa kalamu ya mafuta, juu ya jiwe la chokaa lililosuguliwa. Kisha jiwe hupakwa gundi ya mgunga yenye tindikali kidogo, hulowanishwa, na wino wa mafuta upitishwapo hushika palipochorwa na kukataa palipolowa. Hapana fundi wa kuchonga upya katika shaba. Kwa hiyo ule mkwaruzo wa Daumier, unaorefusha pua na kukausha mashavu ya bibi mtunzi, wafika karatasini bila kupitia mkono wa pili.

Chapa iliyo bora, kwa maoni yangu, ni ile ya mama aliyeinamia maandishi yake ilhali mtoto ametumbukia kichwa chini katika maji ya kuogea. Yafunike kwa kiganja maneno ya chini, na dhihaka haipungui. Nyingi nyingine hazina bahati hiyo: watu wawili wamesimama tu, na kichekesho chote kimebebwa na maneno, ambayo aghalabu hayakutungwa na Daumier bali na watu wa gazeti.

Kwa nini wanawake? Sheria za Septemba 1835 zilikuwa zimekwisha kuufunga mlango wa kumkejeli mfalme, kosa lililowahi kumtia Daumier gerezani. Wanawake hawakuwa na sheria ya kuwakinga. Tena walikuwa sokoni: tangu 1836 magazeti ya Paris yalichapa riwaya kwa sehemu, na George Sand, bibi mwenye jina la kiume, aliuzika.

Na nyumba ya uchapishaji ya Aubert, iliyotoa dhihaka hizo, iliuza jiwe lile lile mara mbili: kwanza gazetini, kwa karatasi hafifu yenye habari mgongoni, kisha kwa karatasi nzito nyeupe, mgongo mtupu, kwa wakusanyaji.