Mpiga Ramli, Mwaguzi au Mtabiri? Tahakiki ya Sehemu Moja ya "The X-Files"

Katika mfululizo wa televisheni wa Kimarekani uitwao "The X-Files", ambamo wapelelezi Mulder na Scully huchunguza mambo yanayopita akili, imo sehemu moja ambayo yafaa itazamwe na kila mfasiri. Nayo ni "Clyde Bruckman's Final Repose", iliyoandikwa na Darin Morgan na kuonyeshwa mara ya kwanza Oktoba 1995.

Kisa chenyewe ni cha mtu anayewaua wasoma viganja na wasoma majani ya chai. Polisi wanamwita Yappi, bingwa wa televisheni, ambaye maneno yake ni mapana kiasi cha kumfaa yeyote. Anayejua kweli ni Bruckman, mzee muuza bima ya maisha. Yeye hana kibao, hasomi nyota, wala hatozi ada. Huona tu jinsi kila mtu atakavyokufa. Ujuzi huo umemwondolea furaha, hata mwisho anajiua. Peter Boyle, aliyeicheza nafasi hiyo, alitunukiwa tuzo ya Emmy mwaka 1996, na kwa maoni yetu alistahili.

Kiingereza huwaita wote hawa "psychic". Kejeli ya mwandishi imejengwa papo hapo: mlaghai na mkweli wanachangia jina moja. Mfasiri wetu yumo katika hali iliyo kinyume, kwani Kiswahili hubainisha. Mpiga ramli ana ramli yake, mnajimu ana nyota zake, mwaguzi hutafuta chanzo cha maradhi. Akichagua mojawapo, amemhukumu Bruckman kabla mtazamaji hajamwona. "Mganga" lapotosha zaidi: mganga hutibu, ilhali msiba wa Bruckman ni kwamba huona na hawezi kuzuia.

Jambo hili si la mchezo. Tanzania ilipopiga marufuku wapiga ramli Januari 2015, kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino, vyombo kadhaa vya habari vya nje viliitangaza habari hiyo kwa neno la Kiingereza linalomtia mganga, mpiga ramli na mchawi katika kapu moja.

Kwa hiyo twapendekeza "mtabiri". Neno hili, ambalo hutumika hata kwa hali ya hewa, halitaji chombo wala halithibitishi ukweli wa asemaye. Yappi na Bruckman wataingia humo pamoja, na mtazamaji ataachiwa kazi ya kuwatenga, kama alivyokusudia mwandishi.