Matusi, Mafunzo na Leseni: Uhakiki wa Kanuni za Tanzania za Mwaka 2018

Tunakusudia hapa kuhakiki Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilizotangazwa nchini Tanzania mwezi wa Machi 2018, kwa upande mmoja tu: jinsi zilivyoyatendea maandishi ya watu wazima, yaani yale yanayozungumzia waziwazi mapenzi, ndoa na mwili. Kanuni hizo zilifutwa mwaka 2020 na nyingine zikawekwa mahali pake. Hata hivyo, fikra iliyozizaa ingali inastahili kuchunguzwa.

Tuanze na biashara. Mwenye blogu alitakiwa kulipa shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni na 1,000,000 za ada ya mwaka. Jumla yake ilizidi dola 900 za Marekani. Aliyekiuka alikabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Mlango basi ulipimwa kwa mkoba, si kwa umri wa msomaji wala kwa nia ya mwandishi. Muuza picha chafu haombi leseni: hujificha nyuma ya jina la bandia, na wateja humfuata huko huko. Anayebanwa ni mkunga atakaye kuwaeleza wanandoa mambo yao kwa jina lake halisi.

Kasoro ya pili ni ya lugha. Kanuni ziliandikwa kwa Kiingereza, ilhali wengi wa waandishi na wasomaji waliohusika hutumia Kiswahili. Zilipanga katika orodha moja mambo yasiyo ya staha, mambo machafu na ponografia, zikaongeza hata yale yanayoudhi. Katika Kiswahili cha kila siku, karibu yote hayo huangukia neno moja: matusi. Nalo neno hili lina maana mbili, kumvunjia mtu heshima na kutaja bayana viungo vya siri au tendo la ndoa. Maana hizo zikichanganywa, somo la uzazi na tusi la mlevi huhukumiwa kwa kipimo kimoja.

Wala jamii zetu hazikuwa bubu kama inavyodaiwa. Katika unyago, kungwi humfunza mwari kwa nyimbo na maneno yasiyotamkwa sebuleni. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013, alisifika kwa ngoma hiyo kama alivyosifika kwa taarabu, na mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX. Kwa Wabemba, banachimbusa hufanya kazi kama hiyo. Huko neno bayana halikukatazwa. Lilipewa mahali pake na wasikilizaji wake. Nje ya mahali hapo ilitawala tafsida.

Atakayetupinga atasema kwamba mtandao hauna chumba cha ndani, na mtoto mwenye simu huingia popote. Hoja hiyo ni nzito, wala hatuipuuzi. Lakini ada ya leseni haijengi chumba. Humtoza mwenye nyumba tu, mlango ukabaki wazi. Afadhali sheria imlazimishe mchapishaji kutoa onyo, kuthibitisha umri wa msomaji na kutenga mafunzo na uchuuzi wa miili. Nayo nguvu ya adhabu ielekezwe kwa wanaowadhulumu watoto na wanaosambaza picha za watu bila ridhaa yao.

Fasihi imekwisha kutupa funzo. Riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, ilipotoka mwaka 1971, ilipigwa marufuku shuleni kwa kuwa ilieleza wazi mambo ya ngono. Baadaye ikaruhusiwa, ikasomwa na kuhakikiwa na wanafunzi. Kitabu hakikubadilika, kilichobadilika ni usomaji wetu.

Jambo hili halitupiti sisi Wakongomani. Sheria yetu ya mambo ya dijitali, iliyotolewa tarehe 13 Machi 2023, imeandikwa kwa Kifaransa, na raia wengi wa mashariki na wa Katanga watahitaji kuelezwa kwa Kiswahili. Siku hakimu atakapouliza tusi ni nini, jibu litakuwa na uzito wa kifungo. Ni wajibu wa idara za Kiswahili kuchunguza msamiati huo mapema, kwa utulivu na bila haya, kabla jibu halijatolewa na wasioijua lugha.