Makengeza ya nje: msuli upi uguswe, na kwa kipimo gani

Mtoto mwenye makengeza ya nje huenda asionekane nayo asubuhi. Jicho hutoroka jioni akichoka, akiugua au akitazama mbali, juani hulifumba. Aina hii ya kuja na kuondoka ndiyo iliyoenea zaidi, na ndiyo inayotaka busara kubwa, kwa kuwa mtoto bado anaweza kuyatumia macho yote mawili pamoja. Upasuaji unapaswa kuulinda uwezo huo, si kunyoosha sura peke yake.

Jicho huzungushwa na misuli sita. Hapa yenye neno ni miwili: wa upande wa sikio, unaolivuta nje, na wa upande wa pua, unaolivuta ndani. Jicho halitolewi mahali pake, ingawa wazazi wengi huogopa hivyo. Mtoto akiwa kwenye nusukaputi, mpasuaji hufungua utando mwembamba juu ya weupe wa jicho, huunasa msuli kwa kulabu, huutia uzi, huubandua, kisha huushona nyuma zaidi ili ulegee. Msuli ukivutwa, mapigo ya moyo yanaweza kushuka ghafla. Daktari wa usingizi akisema acha, mpasuaji huachia.

Njia kuu ni mbili. Moja hulegeza misuli ya nje ya macho yote mawili. Nyingine hubaki kwenye jicho moja: msuli wa nje hulegezwa, wa ndani hufupishwa. Kwa mpotoko wa dayopta 25 za prizimu, majedwali yanayotumika sana huelekeza milimita 6 kila upande kwa njia ya kwanza. Kwa ya pili, 6 za kulegeza na 5 za kufupisha.

Ipi bora? Mwaka 2019 watafiti wa PEDIG, kundi la Marekani linalochunguza magonjwa ya macho ya watoto, walitoa matokeo ya watoto 197 waliogawanywa kwa kura na kufuatiliwa miaka 3. Matokeo hayakuridhisha kwa asilimia 46 ya waliolegezwa macho yote mawili, na 37 ya wale wa jicho moja. Pengo hilo halikutosha kitakwimu kumtaja mshindi. Mimi kinachonigusa ni ukubwa wa namba zote mbili, na naamini mzazi anastahili kuambiwa hivyo kabla ya kutia saini. Kisu hubadilisha mvuto wa msuli. Anayeyaongoza macho ni ubongo, nao haukuguswa.

Kwa kuwa jicho lina tabia ya kurudi nje, wapasuaji wengi hulipitiliza ndani kidogo kwa makusudi, na mgonjwa huona viwili viwili kwa siku kadhaa. Kwa mtoto mdogo sana, kupitiliza kusikoisha kunaweza kuzaa jicho vivu, yaani jicho ambalo ubongo hulipuuza. Ndiyo maana akilidhibiti jicho vizuri, kusubiri huku akipimwa ni tiba halali.

Mtu mzima ana nafasi zaidi: fundo la kuteleza humwezesha daktari kukaza au kulegeza uzi mgonjwa akishaamka. Wapo waliopasuliwa utotoni kwa makengeza ya ndani, jicho likaja kwenda nje baadaye. Balaa hilo ni la tangu mpasuaji Dieffenbach alipoukata msuli wa ndani kule Berlin mwaka 1839 bila kuushona tena. Kwa hawa jedwali halitoshi. Lazima msuli wa zamani utafutwe ulipo, na mara nyingi urudishwe mbele. Anayekuja na cheti cha upasuaji wake wa kwanza, chenye jina la msuli na milimita zake, humpunguzia daktari kubahatisha.