Sindano ya dola 50 na ya dola 2,000: jinsi vyuo vikuu vilivyozipima

Kufikia mwaka 2006, madaktari wa macho nchini Marekani walikuwa na dawa mbili kwa ugonjwa mmoja. Ranibizumab, iliyoidhinishwa mwaka huo, iliuzwa takriban dola 2,000 kwa sindano moja. Bevacizumab, dawa ya saratani ya utumbo mpana iliyoingia sokoni mwaka 2004, iligharimu takriban dola 50 ikigawanywa kwa dozi za jicho. Chupa yake ndogo ina miligramu 100, na jicho huhitaji miligramu 1.25 tu.

Ugonjwa wenyewe huwapata wazee. Mishipa mibovu ya damu huchipua chini ya makula, sehemu ya katikati ya retina, ikavujisha maji na damu. Mgonjwa hushindwa kusoma, hata sura za watu humpotea. Dawa zote mbili huzuia VEGF, protini inayochochea mishipa hiyo, na zote zilitengenezwa na kampuni moja, Genentech. Mwaka 2005 Philip Rosenfeld wa Chuo Kikuu cha Miami alikuwa ameshaonyesha kwamba hiyo ya bei nafuu, ikidungwa ndani ya jicho, hukausha maji. Ila kampuni isingefaidika kwa kuzipambanisha dawa zake yenyewe. Kazi ikaangukia vyuo vikuu, kwa fedha za serikali. Utafiti ukaitwa CATT.

Nguvu ya CATT ilitokana na mgawanyo wa kazi. Uenyekiti ulikuwa Cleveland Clinic, takwimu zikaratibiwa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na picha za OCT, zinazoonyesha matabaka ya retina, zikasomwa Chuo Kikuu cha Duke. Kliniki 44 ziliandikisha wagonjwa, lakini hakuna iliyojisahihishia mtihani wake. Aliyepima uwezo wa kuona alitumia herufi za kompyuta, bila kujua mgonjwa amepewa dawa ipi. Kituo kimoja kilipokiuka taratibu, wagonjwa wake wote 23 waliondolewa kwenye hesabu, wakabaki 1,185.

Makundi yalikuwa manne, yaliyopangwa kwa bahati nasibu: kila dawa ilitolewa ama kila mwezi, ama pale tu dalili za kuvuja zilipoonekana. Mpaka wa kuzihesabu dawa kuwa sawa nao uliwekwa mapema: tofauti isizidi herufi 5, yaani mstari mmoja wa chati ya macho.

Majibu ya mwaka wa kwanza yalichapishwa 2011. Waliodungwa bevacizumab kila mwezi waliongeza wastani wa herufi 8.0, wa ranibizumab, 8.5. Kwa wale wa inapohitajika, bevacizumab ilileta herufi 5.9 na ranibizumab 6.8. Gharama ndiyo iliyotofautiana mno: dawa ya mwaka mzima kwa mgonjwa wa kila mwezi ilikuwa dola 595 kwa bevacizumab na dola 23,400 kwa ranibizumab.

Kasoro zilikuwepo. Hati za bima zilitaja ranibizumab peke yake, hivyo baadhi ya wagonjwa wangeweza kung'amua wanachodungwa. Matatizo makubwa ya kiafya nje ya jicho yaliripotiwa kwa asilimia 24.1 ya waliotumia bevacizumab na asilimia 19.0 ya wa ranibizumab. Mengi hayakuwa ya aina inayohusishwa na dawa hizi, na utafiti wa ukubwa huo haukutosha kulimaliza swali la usalama. Aidha, utaratibu wa inapohitajika ulipunguza sindano, lakini safari za kliniki zilibaki palepale: mgonjwa alipimwa kila baada ya wiki 4.

Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliiweka bevacizumab ya macho kwenye orodha yake ya dawa muhimu, jambo lenye uzito kwa hospitali za Afrika Mashariki ambako mgonjwa mara nyingi hulipa kutoka mfukoni. Hata hivyo unafuu huo unasimama juu ya usafi wa mfamasia. Huko Florida, mwaka 2011, dozi zilizogawanywa zikaingiwa na bakteria ziliwaletea wagonjwa maambukizi mabaya ya jicho. Kwa hiyo, ukiambiwa utadungwa dawa hii, usiishie kuuliza bei. Uliza pia imegawanywa wapi, na nani, na lini.