Jua la saa sita mbele ya kibla ya Gede

Karibu kila anayefundisha kupiga picha za majengo ya kale hurudia agizo moja: piga asubuhi na mapema au jioni, likimbie jua la mchana. Agizo hilo lina maana Ulaya lilikotoka. Makanisa ya zama za kati yalijengwa yakielekea mashariki, lango kuu likabaki magharibi, na jua la huko hupita upande wa kusini wa anga. Likifika alasiri, huliangazia lango hilo kwa ubavu, na kila sanamu iliyochongwa kwenye jiwe hutupa kivuli chake. Ukilichukua agizo hilo hadi magofu ya Gede, kusini mwa Malindi, utarudi na picha zenye rangi nzuri zisizoonyesha kazi ya fundi.

Tuanze na mahali penyewe. Gede iko digrii 3 na kidogo kusini mwa ikweta, karibu na longitudo ya 40 mashariki. Makka nayo iko karibu na longitudo hiyohiyo. Kwa hiyo kutoka Gede kibla inakaribia kuwa kaskazini halisi, na uso wa mihrabu ya msikiti mkuu, ambao ni wa karne ya 15, unatazama kusini. Paa lilianguka zamani, kwa hiyo jua linaingia. Ila haliingii mwaka mzima: tangu katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini, na mihrabu hubaki kivulini. Anayefika Julai akitaka kuona michongo ya fremu yake amekosea mwezi, na hakuna saa ya siku itakayomwokoa.

Mwishoni mwa Januari na mwanzoni mwa Februari mambo hugeuka. Ni kaskazi, mvua za vuli zimekwisha, anga ni safi. Jua la adhuhuri linasimama upande wa kusini, digrii 14 hadi 16 kutoka utosini. Hiyo ina maana kwamba mwanga unateremka ukutani kwa pembe hiyohiyo, ukiukwaruza uso wa jiwe kutoka juu kwenda chini. Kilele cha jua hapo hakiangukii saa sita kamili bali saa sita na nusu, hasa kwa sababu saa zetu zinafuata longitudo ya 45. Nusu saa hiyo ni muhimu kwa anayepanga kazi.

Pembe ya digrii 15 sikuichagua kwa kupenda namba. Miimo ya milango na fremu ya mihrabu ni matumbawe yaliyokatwa baharini yakiwa bado laini, yakachongwa, kisha yakakauka na kuwa magumu. Kuta zenyewe ni mawe ya mwamba wa nchi kavu yaliyoshikwa kwa chokaa. Ukisogea hadi kiganja kimoja kutoka kwenye mwimo, utaona vitundu vidogo vya tumbawe, vimejaa uso wote kama ungo mwembamba. Sasa chukua mchongo wenye kina cha nusu sentimita. Mwanga wa digrii 15 huupa kivuli cha karibu sentimita 2, kinachotosha kuuchora ukingo wake. Mwanga wa digrii 5 huupa kivuli kinachokaribia sentimita 6, ambacho hufunika mchongo wa jirani, na wakati huohuo kila kitundu cha tumbawe hupiga kelele sawa na kazi ya mkono. Ukizidi digrii 30 mchongo huanza kulala. Kwa jiwe hili, kati ya 12 na 20 ndipo fundi anapoonekana.

Milango ya ubavuni inafuata hesabu ileile. Karibu na ikweta jua husogea takriban digrii 15 kila saa. Mlango ulioko upande wa mashariki hupata mwanga wake wa kukwaruza saa moja kabla ya kilele, yaani kama saa tano na nusu. Wa magharibi hupata wake saa moja baada ya kilele, saa saba na nusu. Juu ya tao la mlango wa kaskazini-mashariki kuna mchongo wa ncha pana ya mkuki. Ukiutazama saa mbili asubuhi jua linaupiga usoni na ni doa tu ukutani. Ukiutazama saa tano na nusu, ukingo wake umesimama. Kwa hiyo msikiti mzima hupigwa ndani ya saa mbili, zile ambazo vitabu vinasema kamera ikae mfukoni.

Stendi na lenzi hazihitaji maneno mengi. Milango ya Gede si mirefu. Ukiweka kamera katikati ya kimo cha mlango na kuisawazisha kwa pima maji, mistari ya miimo inabaki wima bila kurekebishwa kwenye kompyuta. Lenzi pana sana iepukwe, maana hulivuta tao hadi likapoteza umbo lake la ncha.

Tatizo halisi ni tundu la mihrabu. Jua la juu namna hii huiangazia fremu na kuliacha tundu jeusi tii. Flashi ya mbele huua vivuli vyote tulivyovingoja. Nilichofanya ni kuacha kamera palepale na kupiga picha mbili: moja ya kuipima fremu, nyingine ya muda mrefu zaidi ya kulipima tundu, kisha kuziunganisha. Wapo wanaoona huo ni udanganyifu wa kompyuta, nami sikubaliani nao. Mwaka 1851, Ufaransa ilipowatuma wapiga picha kurekodi majengo yake ya kale, Édouard Baldus aliunganisha negativu za karatasi zipatazo 10 kutengeneza picha moja ya ua wa ndani wa kanisa la Saint-Trophime, Arles, kila negativu ikiwa imelengwa sehemu yake. Ila Baldus pia alipaka wino baadhi ya sehemu, na hapo ndipo ninapoweka mpaka. Kuunganisha mwanga wa dakika mbili tofauti ni kurekodi. Kuchora kilichofifia ni kubuni.

Kwa sababu hiyohiyo, mawe yasipakwe chaki wala kumwagiwa maji ili maandishi yaonekane. Kaburi la Gede lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399, linasomeka kwa mwanga wa ubavu tu, na tumbawe hunywa chochote unachoweka juu yake.

Magofu ya Gede yamo msituni, na huko kuna adha nyingine: madoa ya jua yanayopenya majani, yanayomkatakata mtu picha yake. Penye mti juu ya mlango, mimi hungoja wingu na kukubali picha tulivu, kwa kuwa hakuna pembe ya kuokoa mwanga uliochanika. Kilwa Kisiwani, iliyo kusini zaidi, kalenda inasogea: katika sehemu ya kaskazini ya Msikiti Mkuu, isiyo na paa, jua la adhuhuri hufika digrii 14 na nusu Desemba, wakati ambapo mawingu bado yapo, hivyo kule mtu ajipe siku za akiba.