Si kila ‘kisa cha kweli’ cha runinga ni cha kweli

Muhula uliopita nilikuwa nikisoma pendekezo la utafiti la mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili. Anachunguza taswira ya Mwafrika katika maandishi ya walowezi. Kazi nzuri, lugha safi. Nilipofika ukurasa wa sita nikakwama. Mwanafunzi kaandika, pasi na shaka, kwamba Sir Jock Delves Broughton, aliyeshtakiwa kwa mauaji ya Lord Erroll, alijipiga risasi mbele ya mkewe hapa hapa Kenya.

Nikamwita ofisini. “Haya umeyatoa wapi?”

“Prof, nimeona kwa runinga. Ni kisa cha kweli.”

Sikumkemea. Nilijua alichokiona. Ni filamu ya White Mischief ya mwaka 1987, iliyoongozwa na Michael Radford. Ndani yake Broughton hujiua kwa bunduki na mkewe Diana hutoka mbio ametapakaa damu. Mwisho wa kusisimua huo! Tatizo ni kwamba haukutokea.

Yaliyotokea ni haya. Alfajiri ya Januari 24, 1941, maiti ya Lord Erroll ilipatikana ndani ya gari lake aina ya Buick, karibu na njia panda ya barabara za Ngong na Karen. Alikuwa amepigwa risasi ya kichwa. Broughton, ambaye mkewe alikuwa na uhusiano wa kimapenzi na marehemu, alishtakiwa. Wakili wake, Harry Morris kutoka Afrika Kusini, alionyesha mahakama kwamba risasi zilizookotwa hazingeweza kutoka kwa bastola aina ya Colt, kama zile zilizodaiwa kuibwa nyumbani kwa Broughton. Julai 1, 1941, Broughton akaachiliwa huru. Alirejea Uingereza, na Desemba 1942 akafariki mjini Liverpool baada ya kuzidisha dawa makusudi akiwa hotelini. Hapakuwa na bunduki, damu ukutani wala Diana wa kupiga mayowe.

Mtaniuliza, kuna ubaya gani? Mtu alijiua huku au kule, si alijiua tu? La, hasha! Filamu inapompa mshtakiwa bunduki na kumfanya akiri kwa kitendo, inatoa hukumu ambayo mahakama ilikataa kuitoa. Hebu tupime maneno yetu. Mshukiwa ni mtu anayedhaniwa. Mshtakiwa ni aliyefikishwa kortini. Mhalifu ni aliyepatikana na hatia. Kisheria Broughton alikoma katika hatua ya pili. Runinga ilimsukuma hadi ya tatu bila kumwita shahidi hata mmoja.

Na kuna jambo linaloniuma zaidi. Waliolikuta gari lile gizani walikuwa Waafrika wawili waliokuwa kwenye lori la maziwa. Masimulizi mengi ya kisa hiki huwapa sentensi moja, kisha hurejea haraka kwenye shampeni na mapenzi ya Wazungu wa Happy Valley. Mwanafunzi wangu anatafiti taswira ya Mwafrika, naye aliukumbuka mlio wa bunduki ambao haukuwako akawasahau watu wawili waliokuwako. Huo ndio uwezo wa picha.

Tusidhani haya ni ya filamu za zamani. Mwaka 2022 Netflix ilitoa tamthilia kuhusu Jeffrey Dahmer, Mmarekani aliyewaua wanaume na wavulana 17 kati ya 1978 na 1991, wengi wao wakiwa watu weusi. Wajukuu wangu waliitazama yote kwa siku mbili. Humo tunamwona Glenda Cleveland, mama mweusi anayeishi mlango wa pili kutoka kwa Dahmer, akinusa uvundo ukutani na kupiga simu ambazo polisi wanazipuuza. Niecy Nash aliigiza sehemu hiyo kwa ustadi hata akatuzwa Emmy.

Glenda Cleveland alikuwako kweli. Ni kweli pia kwamba alipiga simu Mei 1991, baada ya polisi kumrudisha mikononi mwa Dahmer mvulana wa miaka 14 aliyekuwa ametoroka. Mvulana yule aliuawa, na wengine wanne wakauawa baada yake kabla ya Dahmer kukamatwa mwezi Julai. Lakini Cleveland hakuishi mlango wa pili. Aliishi katika jengo jingine, la karibu. Watunzi waliwachanganya watu wawili, yeye na jirani mwingine aliyeishi katika jengo la Dahmer, wakapata mhusika mmoja.

Mhakiki wa fasihi atasema hiyo ni mbinu halali ya kubana wahusika. Ni halali, ndiyo. Ila tazameni gharama yake. Mtu anayesumbuliwa na uvundo nyumbani kwake ana sababu yake binafsi ya kulalamika. Cleveland halisi hakusumbuliwa na uvundo wowote. Alimhangaikia mtoto wa mwenyewe kwa sababu aliambiwa mtoto yule yuko hatarini, na bado polisi hawakumsikiliza. Ukweli ulikuwa na uzito kuliko ubunifu, nao ndio uliotupwa.

Ajabu ni kwamba tamthilia hiyo hiyo ilipotaka usahihi iliupata. Mwaka 1992 dada ya mmoja wa waliouawa alisimama kortini akamfokea Dahmer kwa uchungu. Tukio hilo liliigizwa upya, maneno na mavazi yakiwa yale yale. Baadaye dada huyo alisema hakuna aliyewasiliana naye kabla ya kuutumia msiba wake. Basi usahihi ulihifadhiwa pale ulipotonesha kidonda cha mtu, ukaachwa pale ambapo ungetusaidia kuelewa kosa la polisi.

Sasa tuingie katika uwanja wangu wa lugha. Kuna umbali kati ya “kisa cha kweli” na “kisa kilichotokana na matukio ya kweli.” Kihusishi ‘cha’ kinaufunga ukweli kwenye kisa chote. ‘Kutokana na’ hueleza chanzo tu, na kila mtu ajua mto ukifika baharini umeshabeba matope ya njiani. Si mzaha wa wanasarufi huu. Mwaka 2024 tamthilia ya Baby Reindeer ilifunguka kwa kutangaza kwamba ni kisa cha kweli, ikamwonyesha mwanamke aliyehukumiwa kwa kuwaandama watu. Mwanamke mmoja aliyetambuliwa na watazamaji kuwa ndiye alikwenda kortini akisema hajawahi kuhukumiwa kwa kosa hilo. Septemba mwaka huo jaji wa Marekani aliruhusu dai lake la kuharibiwa jina liendelee, akiuzingatia usemi ule wa mwanzoni.

Mwaka huo huo kesi kuhusu When They See Us ilimalizwa kwa maafikiano. Tamthilia hiyo ya 2019 yahusu vijana watano waliofungwa kwa kosa la Central Park la 1989, kisha hukumu zao zikafutwa mwaka 2002. Hilo la msingi ni kweli tupu. Aliyelalamika ni kiongozi wa zamani wa mashtaka, aliyesema ametiwa maneno na vitendo visivyo vyake. Mojawapo ya maafikiano ilikuwa kulihamisha tangazo kwamba baadhi ya mambo yamebuniwa, kutoka mwisho wa vipindi hadi mwanzo. Kumbe hata mahali pa sentensi panaweza kuwa suala la kortini!

Wazee wetu walilijua hili zamani. Msimulizi alisema “Paukwa!” nasi tukaitikia “Pakawa!” Maneno mawili hayo yalikuwa mlango. Ukishaingia, sungura akisema hushangai, wala kesho hulali njaa ukimsubiri jini akuletee pilau. Ebrahim Hussein naye, alipochapisha tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969, alibainisha kwamba mhusika wake ni wa kubuniwa, si yule Kinjeketile wa historia ya vita vya Majimaji. Tamthilia haikupungukiwa na chochote. Hadi leo tunaifundisha.

Kwa hivyo sisemi runinga iache kubuni. Mwenye kutaka nukuu za kortini tu na asome faili. Ninachodai ni “Paukwa” ya kweli, iwekwe mwanzoni, kwa herufi zinazosomeka, na kwa sentensi isiyodanganya. Nao watayarishaji wetu chipukizi wanaovutiwa na mauaji yaliyotikisa nchi hii wajue kwamba waliouawa wana mama zao, na baadhi ya mama hao wana runinga sebuleni.

Mwanafunzi wangu alirudi wiki mbili baadaye. Hakuifuta filamu katika pendekezo lake kama nilivyotarajia. Aliihamisha kutoka sura ya usuli wa kihistoria akaiweka kwenye sura ya uchanganuzi, pamoja na swali jipya: kwa nini masimulizi ya kifo cha Erroll huwapa nafasi finyu watu waliomkuta? Nilimwambia aanzie hapo hapo.