Jembe Kando ya Mkeka

Mwezi wa Aprili 2020, mvua ilipoporomosha mito ya Uvira, mashariki mwa Kongo, kutoka milimani pamoja na mawe na miti, sisi wa mtaa wa Kimanga tulikimbilia kila mmoja alikokuwa na ndugu. Familia yetu ilipanda kwa shangazi. Nyumba yake iko mteremkoni, mahali ambapo usiku unaona taa za wavuvi katika ziwa Tanganyika na, ng'ambo, taa za Bujumbura. Tulikuwa watu saba tulioongezwa katika vyumba viwili vilivyokuwa tayari na wenyewe watano. Siku ya kwanza tulilia. Siku ya pili tulikula sombe na ndagala, tukahesabu tulichookoa. Siku ya tatu mdogo wangu, kijana mwenye nguvu zake, alikuwa bado amelala na jua limeshavuka kizingiti.

Shangazi hakusema kitu. Alizunguka nyuma ya nyumba, akarudi na jembe, akaliegemeza ukutani karibu na kichwa cha mkeka, kisha akaenda kuchambua mboga zake za lenga-lenga.

Kijana akafumbua macho, akaliona. Kila mtoto aliyelelewa kwa Kiswahili anajua kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Aliketi kidogo, akatabasamu, akalichukua, akaenda kuchimba mfereji wa kupitisha maji nyuma ya jiko. Mchana shangazi alimpakulia yeye kwanza. Hakuna aliyekemewa wala aliyeomba msamaha, na mpaka leo mdogo wangu akimtaja shangazi anamtaja kwa mapenzi.

Nimeishi na jembe lile kichwani kwa miaka. Nilikuwa nimezisoma methali shuleni kama tunavyozisoma wote: mwalimu anataja nusu ya kwanza, darasa linaitikia nusu ya pili, anayekosea anasimama. Nilidhani kuzijua ndiyo kazi yenyewe. Kumbe kuzijua ni sawa na kuwa na nyavu ndani ya nyumba. Shangazi ndiye aliyenionyesha kuvua.

Nataka kuusifu ufundi huo, kwa sababu sisi wenyewe tunaudharau. Tunamsifu fundi mbao kwa meza na mshonaji kwa kikwembe kilichokaa vizuri mabegani. Mtu anayeweza kuutazama udhaifu wa jirani yake, au wa kwake mwenyewe, akauweka katika maneno manne yanayomfanya mwenye udhaifu acheke na abadilike, huyo tunasema tu kwamba ana mdomo.

Tazama vifaa anavyotumia. Kiswahili kina kiambishi *hu-*, ambacho nakiona kuwa kifaa bora kuliko vyote. Mimi huenda, wewe huenda, wao huenda: neno halibadiliki. Halina mtenda ndani yake, wala jana wala kesho. Ukisema "mtaka cha mvunguni huinama", hujamtaja mtu, na kila aliyepo anaweza kujitafuta humo. Kwetu Uvira, katika mazungumzo ya kila siku, tunasema "anakulaka", "anasemaka", na *hu-* ni nadra kuisikia sokoni. Lakini mzee akikohoa, akaanza methali, *hu-* inarudi kama nguo ya sikukuu iliyotolewa sandukuni. Sikio linajua hapo hapo kwamba sasa linaloletwa si habari za mtu fulani. Ziko pia zana nyingine: *mwenye*, *asiye*, *mtaka*, *mficha*. Zote zinamweka mtu mbele yetu bila kumpa jina. Ni adabu iliyofumwa ndani ya sarufi.

Baada ya vifaa, kuna kupunguza. Hapa naweza kusema kwa kujaribu mwenyewe. Wavuvi wetu huwavuta ndagala kwa taa, na usiku wa mwezi mpevu taa haina kazi, kwa kuwa ziwa lote limeng'aa na samaki hawana sababu ya kukusanyika chini ya mtumbwi. Siku hizo mitumbwi hulala ufukweni, nyavu hushonwa, na katika nyumba nyingi za Kimanga chakula hupungua. Nilitaka kulisema hilo kwa ufupi. Mara ya kwanza niliandika sentensi ndefu yenye taa, samaki, watoto na njaa. Nikaikata: mwezi ukijaa, samaki hupungua. Ilikuwa kweli, lakini ilikuwa taarifa tu. Nikabadilisha: mwezi ukijaa, sufuria hupungua. Ikaanza kupumua. Baada ya siku kadhaa nikafika hapa: *Mwezi mzima, sufuria nusu.*

Nikampelekea mzee mmoja jirani yetu, mvuvi aliyeacha ziwa kwa sababu ya mgongo. Aliirudia mara mbili kimyakimya. Kisha akasema, "Wewe unasema ya samaki, mwanangu. Mimi nasikia ya watu. Yule baba anayeng'aa barabarani, viatu vinametameta, manukato yanatangulia. Na kwake mama anakoroga maji." Wiki iliyofuata nilimsikia akiitumia kwa maana hiyo hiyo, mbele ya kijana aliyekuwa akionyesha simu mpya, na watu wakainama kuficha vicheko. Ilikuwa imeshatoka mikononi mwangu, na imekuwa bora. Nilitengeneza chombo cha mwezi. Yeye akakijaza binadamu.

Hilo linanipeleka juu ya milima, kwa majirani zetu Warega wa Mwenga na Shabunda, upande wa pili wa nyanda za Itombwe. Sijui watu wengine katika nchi yetu walioupandisha ufundi huu hadi kimo kile. Chama chao cha bwami, ambacho ndani yake watu walipanda ngazi kwa ngazi hadi daraja la juu la kindi, kiliufanya msemo kuwa shule nzima. Mwanafunzi alionyeshwa vitu: mdomo wa ndege, kombe, kucha, gamba la kakakuona, sanamu ndogo ya pembe au ya mti. Kila kitu kililetwa na msemo wake, ukaimbwa, ukachezwa. Kakakuona, kwa mfano, wanamheshimu kwa sababu magamba yake yamepangwa kama majani ya paa. Husemwa kwamba kwake ndiko watu walikojifunza kuezeka. Lengo la yote lilikuwa kile wanachokiita busoga, wema na uzuri ndani ya neno moja. Wanayo pia mutanga, kamba inayotundikwa vitu vidogo vidogo, na kila kitu kinabeba neno la hekima. Anayejua kusoma anapitisha mkono kwenye kamba kama sisi tunavyopitisha jicho kwenye ukurasa.

Daniel Biebuyck, Mbelgiji aliyeishi na Warega mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kutoa kitabu kikubwa juu yao mwaka 1973, aliona jambo ambalo shangazi angelielewa mara moja. Kitu kimoja hakikuwa na maana moja. Sanamu ile ile, ikishikwa na mwalimu mwingine, mbele ya wanafunzi wengine, katika daraja nyingine, ilileta msemo mwingine. Maana ilikaa katika makutano ya kitu, neno, mtu na saa.

Serikali ya kikoloni iliupiga marufuku bwami mwaka 1948. Sanamu nyingi za Warega sasa ziko katika jumba la makumbusho la Tervuren huko Ubelgiji na katika majumba mengine ya Ulaya na Marekani, zimewekwa taa nzuri na kioo safi. Watu wanazisifu kwa uso wake na mng'ao wa pembe. Nyingi kati yake zilichukuliwa bila maneno yake. Zimesimama pale kama jembe la shangazi lingesimama katika nyumba ambayo hakuna aliyewahi kusikia habari ya mgeni na siku ya tatu: chuma na mpini.

Na maneno nayo hupatwa na msiba huo kwa upande wa pili. Mwezi wa Aprili 1858, wasafiri Waingereza Richard Burton na Speke walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji, wakitafuta kujua kama mto Ruzizi unatoka ziwani kwenda kuwa Nile. Wenyeji wakawaambia mto unaingia, hautoki, na ndivyo ulivyo. Burton huyo huyo, mwaka 1865, alichapisha kitabu kinene cha methali za Afrika Magharibi, nyingi akiziokota katika vitabu vya wamisionari. Ni kazi ya bidii. Lakini ukisoma methali mia mfululizo, bila kujua aliyesema wala aliyeambiwa, unachoka kama mtu aliyekula chumvi tupu. Naona mmisionari W. E. Taylor wa Mombasa alifanya vizuri zaidi mwaka 1891 alipokusanya misemo ya Waswahili na kuiwekea maelezo, kwa sababu alikaa na watu na akasikiliza wanavyoitumia.

Kuna wanaosema kwamba misemo ni rungu la wazee, la kuwanyamazisha vijana na wanawake. Wana haki. Nimewaona watu wazima wakitupa methali katikati ya swali la kweli ili swali life. Huyo anayeitumia hivyo ameacha ufundi. Anampiga mtu kwa nyundo iliyotengenezwa kwa ajili ya kugonga misumari midogo. Kipimo ni rahisi: baada ya neno, je, yule aliyeambiwa amebaki na mlango wa kutokea? Mdogo wangu alikuwa nao. Angeweza kuamka, akalisogeza jembe, akasema hakuliona. Shangazi alimwachia nafasi hiyo, na kwa kuwa alimwachia, kijana hakuihitaji.

Wanawake, kwa kweli, ndio mafundi walioniacha na mshangao zaidi. Kanga ya pwani inasema mgongoni mwa mvaaji kile ambacho mdomo haukuthubutu. Kwetu kikwembe hakiandikwi maneno, lakini wauzaji na wanunuzi huvipa vitambaa majina: "ukitoka nami natoka" ni jina la kitambaa kinachojulikana kutoka Lomé hadi Kongo. Mwanamke anakivaa, anapita mbele ya mumewe, anakwenda sokoni. Ameshasema.

Tangu mafuriko yale ziwa lenyewe limepanda, limeingia viwanjani, na watu wengi wa Kimanga wametawanyika. Familia zikitawanyika, kinachopotea mapema si methali zenyewe. Hizo zimo vitabuni na katika simu. Kinachopotea ni zile saa: nani alisema, kulikuwa na nini mkononi mwake, nani alikuwa amelala, nani alicheka. Kwa hiyo nakuomba wewe unayesoma, uwe hapa Uvira, Kalundu au Kavimvira, uwe Kigoma au mbali zaidi: usiandike msemo peke yake. Mzee wako akisema neno likakuchoma au likakuchekesha, chukua daftari, andika siku, mahali, chakula kilichokuwa motoni, na sura ya aliyeambiwa. Mwulize alilipata kwa nani. Fanya hivyo wakati bado yupo wa kuulizwa.